Dodoma Hadi Dar es Salaam kwa Ndege: Saa Moja Ipi?

Hotuba hii niliitoa jijini Dodoma, jioni, mbele ya wanafunzi wa jiografia, walimu wao na wazazi waliohudhuria. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi vijana ambao mkutano huu ni wenu: mbukwenyi! Nimewasikia wenyeji mkijibu, na nimewaona waliohamia juzi na ofisi zao wakitazamana. Karibuni, mtazoea.

Mwalimu aliyenialika aliniambia nizungumze juu ya jambo lolote linalohusu kazi yangu ya upimaji wa ardhi, ambayo niliifanya mpaka nilipostaafu. Nimechagua swali moja tu, na swali lenyewe si langu. Ni la mjukuu wangu wa kidato cha pili, aliyeniuliza sebuleni: “Babu, kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni mbali kiasi gani, na ndege inachukua muda gani?” Kabla sijafungua kinywa alikwishapata jibu kwenye simu yake: kilomita 390, saa moja na dakika chache. Akaridhika, akaendelea na mambo yake. Mimi sikuridhika. Namba zote mbili ni za kweli, lakini hakuna hata moja kati yake inayoweza kumwambia mtu atafika saa ngapi. Je, inawezekanaje namba ziwe za kweli na bado zikuache njiani?

Tuanze na umbali, kwa kuwa huo ndio niliolipwa mshahara kuupima.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa upande wa Bahi pamoja na vijana wawili wa kushika mnyororo na kupanda bikoni. Siku ya pili maji yalituishia. Tukamkuta mzee mmoja amekaa chini ya mbuyu, nikamwamkia, nikamuuliza kisima kiko wapi. Akaniitikia vizuri, akainua mkono wake usawa wa sikio, akasema, “Paaale.” Mimi mtu wa mjini nikasikia “pale”. Tukaacha vyombo, tukatembea saa mbili juani tukiwa na dumu tupu. Tuliporudi jioni, mzee yule alicheka sana, kisha akanifundisha somo ambalo chuo hakikunifundisha. Pale, kwa sauti fupi na mkono ukiwa chini, ni mahali unapopaona. Paale, na mkono usawa wa bega, ni nyuma ya kilima. Paaale, na mkono juu, ni mahali ambapo mtu mwenye akili haendi bila kubeba maji. Mzee yule alikuwa na kipimo, tena kilikuwa sahihi. Aliyeshindwa kukisoma ni mpimaji wa serikali.

Kwa hiyo, vijana wangu, mnapoambiwa kilomita 390, ulizeni kwanza: ni “pale” ya nani? Kilomita 390 ni umbali wa uzi ulionyoshwa kutoka uwanja wetu wa ndege hadi uwanja wa Julius Nyerere. Uzi huo haujui Gairo, haujui Dumila, wala hausimami Msamvu watu wakanunue maji na mayai ya kuchemsha. Barabara inayokunja kupitia Morogoro na Chalinze ni kama kilomita 450. Kwa hiyo kuna takriban kilomita 60 ambazo gari linazitembea na ndege haizijui kabisa. Rubani naye, ukimuuliza umbali huo huo, hatataja kilomita. Atakwambia ni maili 210 za baharini, kwa sababu watu wa anga walirithi vipimo vya manahodha, na maili ya baharini ni mita 1,852.

Sasa, je, mnaweza kuupata umbali huo bila simu? Mnaweza, hapa hapa kwenye viti vyenu. Dodoma iko karibu na digrii 35.75 za longitudo ya mashariki, na uwanja wa Dar es Salaam uko karibu na digrii 39.2. Tofauti yake ni kama digrii tatu na nusu. Katika latitudo hii yetu iliyo jirani na ikweta, digrii moja ya longitudo ni karibu kilomita 110; zidisheni, mtapata 385. Dar es Salaam iko kusini kidogo kuliko sisi, kwa kama digrii 0.7, yaani kilomita 77 hivi. Chukueni pembetatu yenye pande hizo mbili, tumieni kanuni ya Pythagoras mnayoilalamikia kila muhula, na upande wa tatu utakuja na 390 na ushee. Simu ya mjukuu wangu haikufanya muujiza wowote.

Lakini naomba mkae kidogo na zile digrii tatu na nusu, kwa sababu zina jambo jingine ndani yake ambalo mimi naliona zuri kuliko kilomita. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, maana yake digrii moja kwa kila dakika nne. Digrii tatu na nusu ni dakika 14. Jua likizama Dar es Salaam, litatumia takriban dakika 14 zaidi kabla halijazama hapa kwetu.

Mnadhani ni hesabu ya kitabuni? Zamani nilikuwa na jirani, mtu mcha Mungu, aliyehamia hapa kutoka Dar es Salaam. Ramadhani yake ya kwanza Dodoma aliweka redio mezani kama alivyozoea, tende kwenye kisahani na uji wa pilipili manga kwenye bakuli, akisubiri adhana ya magharibi. Adhana ikalia redioni, akashika tende. Mke wake, ambaye alikuwa ametoka uani kuangalia nguo kwenye kamba, akamwambia kwa upole, “Baba Fulani, jua bado liko juu ya paa la jirani.” Mtu yule akabaki na tende hewani, nusu njia kati ya kisahani na mdomo. Tangu siku hiyo alikuwa akisema kwamba umbali kati ya Dodoma na Dar es Salaam anaujua vizuri kuliko dereva yeyote, kwa kuwa aliwahi kuushika mkononi kwa dakika 14.

Nasema hivi kwa sababu watu wengi hudhani umbali ni kitu kimoja na muda ni kitu kingine, viwili visivyokutana mpaka apatikane mtu wa kusafiri. La hasha. Vilikwisha kukutana kwenye jua kabla ya barabara, kabla ya reli, kabla ya ndege.

Sasa tupande ndege. Ndege ya pangaboi, aina ya zile Dash 8 Q400 mnazoziona zikipita juu ya mji wetu, inaweza kwenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa ikiwa imetulia angani. Gawanyeni: 390 kwa 600 ni kama dakika 39. Kwa nini basi tiketi inaandika saa moja na zaidi? Na ndege ya jeti, aina ya Airbus A220, inakaribia kilomita 830 kwa saa. Kwa nini haifiki kwa dakika 28?

Jibu ni kwamba muda ulioandikwa kwenye tiketi hauhesabiwi tangu magurudumu yanapoacha lami. Unahesabiwa tangu ndege inapoanza kuondoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama mahali pa kuegeshwa upande wa pili. Ndani yake kuna kutembea ardhini kuelekea mwanzo wa njia ya kurukia, kuna kusubiri ruhusa, kuna kupanda, kuna kushuka, na kuna kutembea tena ardhini, jambo ambalo katika uwanja mkubwa kama ule wa Dar es Salaam si dogo. Ile kasi kubwa inayotangazwa ni kasi ya katikati tu. Na safari yetu hii, ndugu zangu, karibu haina katikati. Ndege inapanda kwa zaidi ya kilomita mia moja, inapumua kidogo, kisha inaanza kushuka. Ukikaa dirishani upande wa kulia ukielekea Dar es Salaam, utaiona milima ya Uluguru ikijitokeza kusini yako. Ukishaiacha nyuma kidogo tu, masikio yanaanza kuziba, maana yake mnateremka. Ndiyo maana jeti haiipiti pangaboi kwa sana katika njia fupi kama hii: wote wawili wanatumia muda mwingi kupanda ngazi na kushuka ngazi, na mwenye miguu mirefu hufaidi uwanjani, siyo kwenye ngazi.

Upepo nao una sehemu yake. Kati ya New York na London, kilomita kama 5,550, ndege inayokwenda mashariki hutumia takriban saa saba, na inayorudi magharibi hutumia karibu saa nane, kwa sababu juu kule kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kuelekea mashariki. Uzi ni ule ule, maili ni zile zile, lakini kwenda si sawa na kurudi. Hapa kwetu hatuna upepo wa namna hiyo juu ya vichwa vyetu, na safari ni fupi mno kuonyesha tofauti kubwa. Sisi tuna upepo wetu wa chini, huu wa mashariki unaotupiga vumbi machoni kuanzia Juni. Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo, na njia ya kurukia ya uwanja wetu imelala mashariki na magharibi. Kwa hiyo ndege inayokwenda Dar es Salaam mara nyingi huruka ikiwa tayari imeelekea iendako, ilhali inayotoka Dar es Salaam hulazimika kutupita, ikageuka upande wa magharibi, ndipo ije kutua. Wakazi wa karibu na uwanja mnaijua ile kelele inayopita, inapotea, halafu inarudi. Hizo ni dakika zenu mnazozisikia zikitumika.

Nimesema kwamba umbali haubadiliki. Njooni sasa tuangalie kinachobadilika, na hapa naomba uvumilivu wenu, maana ndipo moyo wangu ulipo.

Mwezi Juni mwaka 1857 Richard Burton na John Speke waliondoka pwani na msafara wa wapagazi. Walivuka Ugogo, na walifika Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Njia ile ilihesabiwa kwa safari, na safari maana yake ilikuwa mwendo wa siku moja kutoka maji hadi maji. Kabla ya kuingia Ugogo msafara ulikutana na nyika ya Marenga Mkali, ambayo jina lake peke yake linatosha kumwogofya anayejua Kigogo, kwa kuwa malenga ni maji na haya yalikuwa machungu. Mahali kama hapo walifanya terekeza: wanaondoka adhuhuri, wanalala porini bila maji, kesho yake asubuhi wanayafikia. Mzee wangu wa Bahi angewaelewa. Ile ilikuwa paaale.

Kisha wakaja Wajerumani na reli, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika hapa mwaka 1910. Miezi ikawa siku. Halafu, na hili vijana wengi hamlijui, mwaka 1932 kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways ilifungua njia ya ndege kutoka London hadi Cape Town, kwanza kwa barua na baadaye kwa abiria, safari ya siku 11 hivi. Katika nchi hii ilitua wapi? Moshi, Dodoma, Mbeya. Narudia: Dodoma. Dar es Salaam, mji mkuu wa wakati ule, yenye bandari yake na ikulu yake, haikuwa kwenye njia hiyo. Kwa miaka michache, mtu aliyesimama hapa Dodoma alikuwa karibu na London kuliko mtu aliyesimama pale Magogoni. Mwaka 1937 kampuni hiyo ikahamia ndege za kutua majini. Dodoma tuna zabibu, tuna upepo, lakini bahari hatuna. Njia ikahamia pwani, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, na sisi tukawa mbali tena. Ardhi ilisogea? Haikusogea hata shubiri moja. Kilichohama ni mlango.

Neno hilo, mlango, ndilo ninalotaka mlibebe. Safari ya mtu haianzi kwenye njia ya kurukia. Inaanza kwenye mlango wake na kwisha kwenye mlango wa anayemwendea.

Nina mjomba wangu wa Kondoa, marehemu sasa, aliyekatiwa tiketi ya ndege na watoto wake ili awahi harusi ya binti yao Dar es Salaam. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Tiketi iliandikwa 07:00. Mjomba akasoma saba, akapanga safari yake ya saa saba mchana. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kuwahi, saa tano asubuhi alikwishafika uwanjani na koti lake na mfuko wa karanga. Binti wa mapokezi akaitazama tiketi, akamwambia, “Shikamoo baba. Ndege yako imeshaondoka saa moja.”

“Marahaba mwanangu. Imeniacha kwa saa moja tu?”

“Hapana baba, imeondoka saa moja asubuhi.”

“Na mpaka Dar inachukua muda gani?”

“Saa moja.”

Mjomba akaweka mfuko chini, akasema, “Mwanangu, saa moja zote hizi, mimi yangu ni ipi?”

Hakukuwa na ndege nyingine siku ile. Alipanda basi na kuingia Dar es Salaam usiku, sherehe ikiwa imefika kwenye kukata keki, na karanga zake zikaliwa. Tunacheka, lakini naomba walimu mlichukue kwa uzito: tunatumia saa inayoanza kuhesabu jua linapochomoza, na tiketi inatumia saa inayoanza kuhesabu usiku wa manane, na kati ya hizo mbili kuna tofauti ya saa sita, ambayo ni kubwa kuliko safari yenyewe kwa ndege mara tano au zaidi.

Hata asiyekosea kusoma saa ana hesabu yake ya kufanya. Nilipokwenda Kariakoo mara ya mwisho niliandika kila kitu, kama ilivyo tabia ya wapimaji. Kutoka nyumbani hadi uwanjani dakika 15, na hiyo ndiyo raha ya uwanja ulio katikati ya mji. Kusubiri pale, kwa kuwa nilifika mapema kama inavyotakiwa, saa moja na nusu. Ndege, saa moja na dakika 10. Kungoja begi, dakika 20. Kutoka uwanjani hadi Kariakoo, na foleni za Barabara ya Nyerere, saa moja kasoro. Jumla ikazidi saa nne. Treni ya umeme, ambayo tangu mwaka 2024 inatuunganisha na Dar es Salaam kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, ile ya haraka hutumia chini ya saa nne, na inakushusha katikati ya jiji, jirani kabisa na Kariakoo. Ongezeni muda wa kufika stesheni na kusubiri, mtaona kwamba ndege imeishinda treni kwa dakika ambazo mtu anaweza kuzimaliza kwa chai na chapati mbili. Lakini kama unakwenda kuunganisha ndege ya Mumbai, yenye kilomita kama 4,700 mbele yake, mambo yanageuka: treni inakushusha mjini na kukurudisha kwenye foleni, ndege inakushusha uwanja ule ule unaoutaka. Basi nalo, kwa ukomo wa kilomita 80 kwa saa, lingepaswa kufika chini ya saa sita kama hesabu ya darasani ingetawala barabarani; aliyewahi kufika kwa saa sita anyooshe mkono. Naona hakuna. Na hata likifika, linakuacha stendi ya Mbezi, na mjini bado.

Uwanja mpya wa Msalato uko nje ya mji, njia ya Arusha. Ndege za kutoka huko kwenda Dar es Salaam zitatumia muda karibu ule ule wa angani. Lakini zile dakika 15 zangu za kutoka nyumbani hazitakuwa 15 tena, na mkazi wa kule Msalato atakuwa ameisogelea Dar es Salaam bila kuhama nyumba. Mjukuu wangu akiuliza simu siku hiyo, itamjibu vile vile: kilomita 390, saa moja na dakika chache.

Ndugu Mwenyekiti, nilipewa muda mpaka magharibi. Nikitazama dirishani naona jua limeshagusa kilima. Dar es Salaam wameshaadhini. Sisi bado tuna zile dakika 14, na hizo nimeziacha kwa ajili ya maswali. Kijana mwenye shati la bluu, nimekuona muda mrefu umenyoosha mkono. Karibu.